Mwaka 1975 New York iliachisha polisi zaidi ya 5,000 kwa mpigo. Njooni tupige hesabu yake

Karani Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila jiji la Marekani likitangaza nakisi ya bajeti, humu huzuka ubishi uleule. Huyu anasema wapunguze polisi, yule anasema ukipunguza polisi wahuni wanachukua mji. Sijaona anayeuliza swali la kikarani: ukimwachisha askari kazi, jiji linaokoa kiasi gani hasa, na anayeandikiwa barua ni nani? Mimi nimezeeka kwenye mafaili ya mishahara, kwa hiyo mnivumilie. Nitatumia New York ya 1975 maana kesi yake ilichambuliwa mpaka ikaisha, nyaraka zipo wazi.

Tuanze na deni. New York ya miaka ile ilijibebesha mambo ambayo majiji mengine kule hayabebi. Ilikuwa na hospitali zake, ilikuwa na chuo kikuu chake ambacho wanafunzi hawakulipa ada, na sheria ya jimbo ililibana jiji lichangie karibu robo ya gharama za misaada na matibabu ya watu maskini. Walipa kodi nao wanaondoka. Viwanda vinahama, bandari inapungua kazi, familia zenye kipato zinahamia vitongojini nje ya mipaka ya jiji. Kati ya 1970 na 1980 jiji lilipoteza watu zaidi ya 800,000.

Pengo lilizibwa kwa kukopa, na wala hawakukopa wajenge daraja. Walikopa walipe mishahara. Matumizi ya kila siku yaliandikwa kwenye bajeti ya maendeleo, ambayo ndiyo inayoruhusiwa kukopewa. Kisha zikatolewa hati za muda mfupi kwa ahadi ya mapato "yatakayoingia": kodi za majengo ambayo wenyewe wameshayatelekeza, ruzuku ambazo hakuna aliyeziahidi. Hati ikiiva inalipwa kwa hati mpya. Kufikia 1975 deni lote lilikuwa karibu dola bilioni 14, na karibu bilioni 6 kati ya hizo zilikuwa za muda mfupi.

Februari 1975 shirika la jimbo la ujenzi, UDC, likashindwa kulipa deni lake. Mabenki yakashtuka, na kufikia majira ya kuchipua yakagoma kuchukua hati mpya za jiji. Meya wa wakati huo, Abraham Beame, akabaki anahangaikia pesa ya kufunga mwezi. Huyu Beame kabla ya umeya alikuwa mdhibiti wa hesabu wa jiji hilohilo, kwa vipindi viwili. Nayaacha hapo.

Mwaka wa fedha wa New York unaisha Juni 30, kama wetu. Usiku huo barua zikaanza kufanya kazi: polisi zaidi ya 5,000, zimamoto karibu 1,500, wazoa taka karibu 3,000. Wapo na wa idara nyingine.

Hoja yangu ndiyo hii sasa. Utaratibu wa utumishi kule ni kwamba aliyeingia mwisho anatoka wa kwanza. Haiangaliwi nani mchapakazi na nani anashinda kituoni akinywa kahawa. Barua zilikwenda kwa walioajiriwa miaka michache nyuma. Hao ndio wenye mshahara mdogo kuliko wote, na ndio wanaopewa doria za usiku, maana zamu mbaya siku zote ni ya mgeni. Ukitaka kuokoa kiasi fulani unalazimika kuachisha vichwa vingi kuliko wastani wa mishahara unavyokuonyesha.

Chukueni kalamu. Tuseme kila kijana anagharimu dola 20,000 kwa mwaka, na kwa mgeni wa kazi wa 1975 hapo nimemkweza. Zidisha kwa 5,000. Milioni 100. Iweke pembeni ya zile bilioni 6. Sehemu moja ya sitini.

Kwa sehemu moja ya sitini wakavua sare watu 5,000.

Mwenye swali aulize, nitaendelea na yaliyotokea baada ya hapo.

---

Nyundo Kavu

Mkuu uzi mzuri ila hapo mbona jibu ni jepesi? Wangewaondoa wale wazee wanaokula mishahara minono, wakabaki na vijana wenye nguvu. Huku mitaani ndivyo biashara yoyote inavyofanya.

---

Karani Mstaafu

Nyundo Kavu, kwanza sheria ya utumishi isingekuruhusu. Pili, hata ingekuruhusu, fuata hiyo hela inakwenda wapi. Askari wa New York aliyetimiza miaka 20 kazini alikuwa na haki ya kustaafu na nusu ya mshahara. Ukimtoa leo, umemfuta kwenye daftari la mishahara na kumwandika kwenye daftari la pensheni, na mlipaji wa mfuko huo ni jiji lilelile. Atalipwa miaka 30 mingine pasipo kufanya zamu hata moja.

Ndiyo maana mkuu wa bajeti yeyote wa jiji anajikuta na kitita kikubwa ambacho sehemu anayoweza kuigusa ni ndogo. Riba haigusiki. Pensheni haigusiki. Mikataba ya wazee haigusiki. Anaangaza macho, anamwona kijana mwenye miaka miwili kazini.

---

Bi Tatu

Karani shikamoo. Kwenye hiyo "aliyeingia mwisho" wanawake walipona? Nauliza kwa sababu nijuavyo mimi idara nyingi za polisi zilichelewa sana kuwaajiri.

---

Karani Mstaafu

Marahaba binti yangu, umegonga penyewe.

Wanawake wa New York waliruhusiwa kufanya doria kama wanaume mwaka 1973 tu. Kabla ya hapo walikuwa na idadi yao maalumu, ndogo, na kazi zao zilikuwa za mahabusu wa kike, watoto na makaratasi. Kwa hiyo 1975 karibu wote waliokuwa doria walikuwa wageni kazini, na fagio likawapitia. Weusi na Walatino walioajiriwa katika miaka hiyohiyo nao vilevile.

Baadhi ya wale askari wa kike walikwenda mahakamani, kesi ikaitwa Acha dhidi ya Beame. Hoja yao: tumeingia mwisho kwa sababu mlitufungia mlango, sasa mnatutoa kwa sababu tumeingia mwisho. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba anayeweza kuthibitisha kwamba angeajiriwa mapema zaidi kama si ubaguzi, anastahili kuhesabiwa ukongwe wa tangu wakati huo. Kwenye bajeti ya meya hicho kitu hakikuwa na safu yake.

---

Mwana Pangani

Tupe basi hayo yaliyotokea baada ya hapo mkuu, chai imeshawekwa mezani.

---

Karani Mstaafu

Haya.

Vyama vya polisi na zimamoto vilianza mapema, Juni, hata kabla ya barua. Vilichapisha kijitabu chenye fuvu la kichwa kwenye jalada, kikiwakaribisha watalii kwenye "Jiji la Hofu". Ndani mna maelekezo: usitembee baada ya saa kumi na mbili jioni, usipande treni za chini ya ardhi, usitoke nje ya Manhattan, usiache kitu cha thamani hotelini. Walipanga kukigawa kwa wageni wanaoshuka viwanja vya ndege. Meya akakimbilia mahakamani kuzuia. Picha ya lile fuvu ilikuwa imeshazunguka dunia nzima.

Nisieleweke vibaya, mimi ni mtu wa vyama vya wafanyakazi. Lakini kile kijitabu kilikuwa upumbavu. Mji unaoishi kwa wageni, wewe mlinzi wake unasimama mlangoni kuwafukuza wageni, halafu unataka mapato yapande ulipwe?

Julai mosi polisi walioachishwa wakaandamana mpaka Daraja la Brooklyn, wakafunga njia, wakatoa upepo kwenye matairi ya magari. Waliotumwa kuwaondoa ni polisi wenzao waliobaki kazini, na chupa zilirushwa. Wazoa taka nao wakagoma bila idhini ya chama, mwezi wa joto kali kule, taka zikarundikana kila kona. Siku chache baadaye jimbo likaliruhusu jiji kuongeza kodi, na polisi karibu 2,000 wakarudishwa. Yaani unamfukuza mtu Jumatatu, wiki haijaisha unamwita. Wengine hawakurudi tena, walishapata kazi majimbo mengine.

Baada ya hapo jiji halikuajiri polisi wapya mpaka 1979. Hili ndilo lililouma kuliko zile barua zenyewe, ila halina picha ya gazeti. Wazee wanastaafu kila mwezi, hakuna anayeingia. Kikosi cha watu kama 31,000 kikashuka mpaka karibu 22,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

---

Takwimu Kwanza

Nimesoma yote, nina mawili.

La kwanza, hesabu yako ya sehemu moja ya sitini ni ya kisiasa mzee wangu. Unalinganisha mshahara wa mwaka mmoja na deni zima. Deni unaweza kuliahirisha likalipwa kwa miaka 15, mshahara unarudi kila Julai. Linganisha na nakisi ya uendeshaji ya mwaka, ambayo ilikuwa zaidi ya bilioni moja. Hapo milioni 100 inaanza kuonekana.

La pili, watu watakimbilia kusema uhalifu ulilipuka. Mauaji New York mwaka 1975 yalikuwa zaidi ya 1,600. Mwaka 1977, polisi wameshapungua, yakashuka chini ya 1,600. Yakapanda 1980 hadi zaidi ya 1,800, na kilele chake ni 1990, zaidi ya 2,200, wakati ambao jiji lilikuwa limeshaajiri upya maelfu. Kwa hiyo "polisi wachache, mauaji mengi" haisimami kirahisi hivyo.

---

Karani Mstaafu

Takwimu Kwanza, la pili nakuunga mkono moja kwa moja, na ndiyo sababu sikuliandika. Mauaji yana mambo mengi ndani yake, kuanzia heroini mpaka kreki mpaka ajira.

La kwanza tubishane. Ukilinganisha na nakisi ya mwaka, bado unapata chini ya sehemu moja ya kumi, na hiyo ni kwa dola 20,000 nilizomkweza nazo. Halafu jiulize nani alikuwa anaangalia. Wale mabenki hawakuhitaji milioni 100. Walitaka kuona jiji linaweza kumuumiza mtu ambaye hakuna mwanasiasa angependa kumuumiza. Barua za polisi zilikuwa ujumbe kwa wakopeshaji. Na ujumbe haukutosha! Julai hiyohiyo, barua zimeshatoka, hatifungani za MAC, chombo ambacho jimbo lilikiunda Juni ili kilikopee jiji, zilikuwa zinasuasua sokoni. Septemba jimbo likaunda bodi ya dharura ya kusimamia fedha na meya akawa anaomba ruhusa ya kutumia hela zake.

Kilichookoa jiji ni kitu kingine kabisa. Oktoba 17, 1975 jiji lilikuwa saa chache tu kabla ya kushindwa kulipa, karatasi za mahakamani zimeshaandaliwa. Aliyelitoa shimoni ni chama cha walimu cha Albert Shanker, kilipokubali mfuko wake wa pensheni ununue hatifungani za MAC za dola milioni 150. Miaka iliyofuata mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa jiji iliingiza mabilioni. Waliofukuzwa pamoja na wenzao waliobaki ndio waliomkopesha mwajiri.

Washington nayo ilichelewa. Oktoba 29 Rais Gerald Ford alihutubia akasema atapiga kura ya turufu dhidi ya sheria yoyote ya kulinusuru jiji. Kesho yake gazeti la Daily News likaandika kwa maandishi ya ukurasa mzima kwamba Ford kaliambia jiji lijifie. Maneno hayo Ford hakuyatamka, ila yalimganda mpaka uchaguzi wa 1976. Kabla ya mwaka 1975 kwisha alishatia saini mikopo ya msimu ya hadi dola bilioni 2.3 kwa mwaka, na jiji lilikuja kuilipa pamoja na riba.

---

Mtoto wa Makadara

Nasoma nikiwa Nairobi. Hapa kitu kinanichanganya. Kwetu polisi ni wa serikali ya kitaifa, kaunti haina polisi, ina kanjo tu wa kukimbizana na mama mboga. Gavana akikosa pesa OCS haathiriki. Sasa hao Wamarekani kila mji una jeshi lake?

---

Karani Mstaafu

Ndiyo ndugu yangu, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kwetu Tanzania pia polisi ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na zimamoto tulishaitoa kwenye halmashauri kwa sheria ya 2007. Mkurugenzi wa jiji akifilisika anaathiri mgambo na magari ya taka. Nyie Kenya zimamoto mliipeleka kaunti kwa katiba ya 2010, kwa hiyo upande huo mko karibu na Wamarekani kuliko sisi.

Kule mji wa watu 19,000 unaajiri polisi wake, unawapangia mshahara, unaahidi pensheni, na kodi ya majengo ya mji huohuo ndiyo inabeba kwa sehemu kubwa. Kiwanda kikifungwa thamani ya nyumba inashuka, kodi inashuka, na mwizi hajapungua. Mji wa Central Falls, Rhode Island, ulifilisika 2011, na polisi na zimamoto waliokwisha staafu wakakatwa pensheni, wengine zaidi ya nusu. Wazee wa miaka 70 wanaambiwa hela tuliyokuahidi haipo.

---

Mbeba Boksi

Mimi nipo New Jersey, nafanya kazi ghala moja ng'ambo ya Camden. Mnaongelea 1975 kama historia, hapa ni juzi tu.

Januari 2011 Camden iliachisha polisi 168, karibu nusu ya kikosi, na zimamoto 67, karibu theluthi. Mji ulikuwa na watu kama 77,000. Pengo la bajeti lilikuwa dola milioni 26 na ushee, na Gavana Chris Christie alikuwa ameshapunguza ruzuku za jimbo kwa miji. Zamani pale kulikuwa na meli zinaundwa, santuri za RCA zinatengenezwa, supu ya Campbell inapikwa. Vyote vimehama au vimekufa, Campbell wamebaki na makao makuu. Kodi ya majengo utamtoza nani?

Mwaka 2012 waliuawa watu 67. Kwa mji wa watu 77,000! Wenyeji wanakwambia mwaka ule ulikuwa ukipiga simu ya wizi wa gari unaambiwa nenda kaandikishe mwenyewe.

---

Nyundo Kavu

Sasa Mbeba Boksi malizia hadithi. 2013 wakavunja jeshi zima la polisi la jiji, wakaanzisha la kaunti, chama cha wafanyakazi kikawekwa pembeni, kila askari akaomba kazi upya. Na uhalifu ukashuka! Kwa hiyo tatizo lilikuwa mikataba minono. Karani anakwepa hili kwa sababu ni mtu wa vyama.

---

Mbeba Boksi

Ni kweli Mei 2013 polisi ya jiji ilivunjwa, kaunti ikachukua, mkuu wake akawa yuleyule Scott Thomson aliyekuwa mkuu wa jiji. Na kweli mauaji yalishuka, 2019 yalikuwa karibu 25. Ila husemi kitu kimoja. Jeshi jipya lilikuwa KUBWA kuliko la zamani. Kutoka chini ya 270 waliobaki, wakaenda karibu 400. Gharama kwa kila askari ilishuka sana, lakini waliitumia hiyo tofauti kuongeza watu wa kutembea kwa miguu mitaani, wakagonga milango, wakajitambulisha kwa wenyeji. Na hela ya jimbo iliendelea kuingia kila mwaka, bila hiyo Camden haifungui hata ofisi.

Miaka miwili ya mwanzo vijana wa mji walilia sana kwa faini za vitu vidogo, taa ya baiskeli, kioo cha gari chenye giza. Nayo mtu asiifiche.

---

Karani Mstaafu

Sikwepi. Soma tena alichoandika Mbeba Boksi. Camden ya 2011 ilipunguza watu kwa ukongwe, ikabaki na wenye mishahara mikubwa, na ikaanguka. Camden ya 2013 ilipunguza gharama ya kila mtu, ikaongeza watu. Ukiangalia jumla ya kitita, ni mambo yanayofanana; kwa mwananchi anayepiga simu usiku ni mbingu na ardhi. Hoja yangu tangu mwanzo ni kwamba kuachisha vijana ndiyo njia ya bei mbaya kuliko zote za kuokoa hela.

Nakubali mikataba ya baadhi ya miji ilikuwa ya ajabu. Vallejo kule California ilipofilisika Mei 2008, polisi na zimamoto peke yao walikuwa wanachukua karibu robo tatu ya mfuko mkuu wa mji. Hapo hata ukifunga maktaba zote na bustani zote huzibi kitu. Lakini mikataba hiyo haikusainiwa na chama peke yake. Kila sahihi ya chama ina sahihi ya meya pembeni, na meya huyo alikuwa anaomba kura. Mshahara wa leo unaonekana kwenye bajeti ya leo. Pensheni inaonekana kwenye bajeti ya meya wa baadaye. Kati ya hivyo viwili, mwanasiasa atakupa kipi kwa moyo mkunjufu?

---

Takwimu Kwanza

Ongeza Stockton. Walifilisika Juni 2012, walikuwa wamepunguza polisi kwa robo hivi, na mwaka huohuo mauaji yakafika 71, rekodi yao. Mwaka 2007 walikuwa wamekopa dola milioni 125 wakaziweka kwenye mfuko wa pensheni, wakitegemea faida ya soko ipite riba. Mwaka uliofuata soko likaanguka.

Yaani walikopa kwenda kucheza kamari na kiinua mgongo cha askari.

---

Bi Tatu

Naomba mtoke kidogo kwenye polisi. Zimamoto mnaipita juujuu, na mwizi unaweza kumpigia kelele, moto hausikii.

---

Karani Mstaafu

Kweli kabisa Bi Tatu, na New York upande wa moto iliumia zaidi kuliko upande wa polisi kwa maoni yangu.

Vituo vya zimamoto vilianza kufungwa kabla hata ya 1975. Mwanzoni mwa muongo jiji lilikuwa limeajiri wataalamu wa taasisi ya RAND watengeneze mfumo wa kihesabu wa kuonyesha kikosi gani kinaweza kufungwa. Mfumo ulipima zaidi muda wa gari kufika. Vikosi vilivyofungwa au kuhamishwa vingi vilikuwa Bronx Kusini na sehemu za Brooklyn, kulekule kunakoungua. Gari likifika haraka lakini liko peke yake na jengo la ghorofa sita linawaka, limefika kufanya nini? Bronx kuna mitaa ambayo baada ya miaka kumi karibu kila jengo lilikuwa limeungua au limetelekezwa. Walikuwepo wenye nyumba waliochoma kwa ajili ya bima, sikatai, lakini moto wa bima nao unahitaji mtu wa kuuzima.

Sasa kisa ninachokipenda. Kitongoji cha Northside, Brooklyn, wakazi wengi wenye asili ya Poland, wafanyakazi wa viwandani. Novemba 1975 jiji likaamua kukifunga kituo chao, Kikosi cha 212. Wakazi wakaingia ndani, wakalizuia gari lisitolewe, wakakiita Kituo cha Zimamoto cha Wananchi. Wakalala mle kwa zamu, akina mama na watoto, zaidi ya mwaka. Walijifunza takwimu za moto wenyewe, wakawa wanabishana na maofisa kwa namba za jiji lenyewe. Mwaka 1978 kikarudishiwa gari na watu wake.

Mei 2003 jiji likawa na nakisi tena, na Meya Michael Bloomberg akafunga vituo sita. Kikosi cha 212 kikiwemo.

---

Mwana Pangani

Daah. Kwa hiyo mzee, kama ungekuwa wewe ndiye Beame, Juni 30 asubuhi, mezani huna hela, ungefanya nini? Maana kukosoa tunaweza wote.

---

Karani Mstaafu

Swali halali. Kwanza nisingekuwa Beame, ningekuwa nimeacha kukopea mishahara nilipokuwa mdhibiti. Lakini tuseme nimekuta.

Ningekwenda kwa wenye deni kabla ya kwenda kwa wenye sare. Miezi mitano baada ya zile barua jimbo lilipitisha sheria ya kusimamisha malipo ya hati za muda mfupi, wenye hati waambiwe subirini au chukueni hatifungani za MAC za muda mrefu. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikaitengua, lakini wakati huo jiji lilikuwa limeshapumua. Kilichowezekana Novemba kilishindikanaje Juni? Kwa sababu Juni bado walidhani barua za vijana zitatosha.

Pili, ningeangalia ovataimu. Ukipunguza watu, zamu hazipungui, waliobaki wanazifanya kwa mara moja na nusu. Karani yeyote wa mishahara anaijua hiyo safu, na huwa haimo kwenye hotuba ya bajeti.

Tatu, polisi waliokuwa wanafanya kazi za makarani wangerudi barabarani, nafasi zao wapewe raia kwa mshahara wa karani.

Na bado ningeumiza watu. Nauli ya treni ilipanda kutoka senti 35 hadi 50 Septemba 1975, na 1976 chuo kikuu cha jiji kikaanza kutoza ada baada ya miaka 129 ya elimu ya bure. Hayo sidhani ningeweza kuyakwepa yote. Bajeti iliyofungana kweli, bila ujanja, ilipatikana 1981 chini ya Meya Ed Koch.

---

Nyundo Kavu

Nimekuelewa mkuu. Bado nasema vyama vina lawama. Lakini hilo la askari kuhamia daftari la pensheni sikuwahi kulifikiria. Detroit je? Ile ya 2013 nayo ilikuwa hivihivi?

---

Karani Mstaafu

Detroit ni mnyama mwingine, deni karibu dola bilioni 18, na kwa ripoti ya msimamizi wa dharura polisi walikuwa wanachukua wastani wa dakika 58 kufika kwenye simu za dharura kubwa. Ndani yake kuna kesi ya pensheni na kesi ya michoro ya jumba la sanaa, hata robo yake haitoshei hapa. Nitaifungulia uzi wake, Takwimu Kwanza aje na kalamu.